Kikohozi cha Mwinjilisti wa Mwakitolyo

Nyasubi, Kahama
14 Januari 2024

Mwanangu Boaz,

Marahaba. Najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo najibu mapema tusipoteze karatasi. Hapa nyumbani tuko wazima. Mimba ya dada yako Ritha imetimiza miezi sita, anakula udongo wa kichuguu kama anakula njugu, nimemkataza amekataa. Kuku wanne wamekufa kwa mdondo, wawili tuliwawahi tukawala. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamenifika kiunoni. Mchungaji Masele anakusalimu na akina mama wote wa kwaya.

Baba, nimeamua kukuandikia barua kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu yako haipatikani tangu Krismasi, na Zuhura ameniambia imeingia kwenye duara. Nikamuuliza duara gani, akanieleza ndilo hilo shimo la dhahabu, kwenda chini ni refu kuliko mnara wa kanisa letu, na kwamba uliinama kuwasalimu waliomo ndani simu ikakuchomoka mfukoni. Mwanangu, watu wa shimoni si ungewasubiri watoke ndipo uwasalimu. Ya pili, hata simu ilipokuwa nzima, nikikuuliza swali unasema "niko salama mama" halafu mtandao unakata. Nimechunguza nimeona mtandao wenu unakata kila ninapouliza swali. Barua haikati.

Zuhura ni huyu huyu jirani yetu wa nyumba ya pili, Mama Raudha. Siku hizi anachukua dagaa Nkome na kuwapeleka huko machimboni kwenu mara mbili kwa mwezi. Amekubali kubeba barua zetu. Amesema yeye Mwislamu hana neno na barua ya mwinjilisti, ila tusilaumiane ikifika inanuka.

Sasa nijibu matatu. Unalala wapi. Unakula nini. Kanisani una watu wangapi. Kanisa lilikutuma huko mwezi wa nane, hii ni miezi mitano, na mimi Mama Dorah akiniuliza najibu "kazi inaendelea" mpaka naona aibu. Mwanae Blessing amepiga turubai la mahubiri karibu na stendi mwezi wa kumi tu, ana watu mia nne na spika nane. Sisemi umfuate Blessing. Nasema tu spika nane.

Sikulazimishi kurudi. Chumba chako nimekifagia.

Mama yako anayekuombea asubuhi na jioni,
Apolonia


Mwakitolyo
2 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo, ingawa nimeshaitikiwa. Nimefurahi kusikia mko wazima, na mwambie Ritha apunguze kichuguu, mtoto asije akazaliwa na mchwa. Mimi sijambo. Barua ilifika, na kweli inanuka, nimeianika juu ya paa nikaisoma siku ya pili.

Majibu yako ni haya. Nalala mahali pakavu. Nakula kila siku. Na kuhusu kanisa, halijapungua hata mtu mmoja tangu nilipofika.

Kazi ya huku ina namna yake, mayu. Nikianza kuhubiri na mashine za karasha zinaanza kusaga mawe, na karasha ikisaga hata mimi mwenyewe sijisikii. Mahubiri ya saa nzima watu wanasikia dakika tatu, zile za kuweka dizeli. Kwa hiyo nimejifunza kusema neno moja la maana na kulishika mpaka dizeli iishe. Wachimbaji si watu wabaya. Ila mtu anashuka kwenye gari leo anataka kesho kutwa awe na nyumba ya vigae. Nikimweleza habari za Bwana ananiuliza itachukua siku ngapi. Nikimwambia maisha yote, anacheka, ananinunulia chai, anaondoka.

Sikutumwa kuja kupita, nilitumwa kuja kukaa. Basi nakaa.

Msalimie Mama Dorah na spika zake.

Mwanao Boaz


Nyasubi
25 Februari 2024

Boaz,

Marahaba. Wote wazima, mahindi yameanza kubeba, sitaki kuzungumza mengi kuhusu mahindi.

Nimemkalisha Zuhura jikoni nikamchemshia chai ya maziwa, akasema yote. Mahali pakavu ni juu ya magunia ya mawe kwenye banda la karasha. Kula kila siku ni ugali wa mama lishe mmoja anaitwa Sesilia, nawe unamlipa kwa kumchotea maji, mwanangu mwenye cheti cha chuo cha Biblia. Na kanisa halijapungua kwa sababu haliwezi kupungua. Ni huyo Sesilia, na mzee mmoja anayefuata kivuli, na mbuzi. Zuhura alichungulia mlangoni Jumapili akaona kwa macho yake. Amesema mbuzi alitoka kabla ya sadaka.

Nilicheka kwanza, halafu nililia, halafu Ritha akaniambia mama chagua moja.

Mimi niliishia darasa la nne, mambo ya chuo siyajui. Lakini maandazi nimeuza miaka kumi na saba, ndiyo yaliyokusomesha tangu baba yako alipotangulia. Ukikaa kona moja miezi sita huuzi, unahama kona. Hakuna anayesema umeshindwa. Wanasema umehama kona. Mchungaji amenidokeza kuna nafasi hapa mjini ya kufundisha darasa la ubatizo, nyumba ya tofali, umeme upo.

Nimekutumia michembe ya viazi, nsansa za majani ya kunde, na blanketi. Blanketi usimpe mtu. Nakujua.

Mama yako


Mwakitolyo
7 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Poleni na mvua za Pasaka, hata huku zilipiga. Michembe tumekula wote, hata mbuzi. Blanketi linatumika vizuri sana, siwezi kusema na nani.

Ulisema nihame kona. Mama, muuza maandazi anafuata wanunuzi. Mimi niliwekwa hapa na Mwenye bidhaa, na hajaniambia niondoe karai motoni.

Kuna jambo limetokea na sijui nikueleze vipi. Hapa yuko bwana mmoja, Makoye, mwenye duara kubwa. Desturi ya huku, duara halifunguliwi bila mganga. Anachinja, anazunguka, anatemea mate pembe nne, na mawe yakianza kutoka anatengewa mfuko wake kama mwenye shamba anavyotengewa wa kwake. Mwezi uliopita Makoye alifungua duara jipya na mganga wake alikuwa amekwenda msibani Bariadi. Akaja kwangu. "Mwinjilisti, na wewe si unaomba? Njoo uombe." Nikamwambia mimi dhahabu siombi, nitaomba watu washuke salama na watoke salama. Akasema, "Omba unachotaka, baba, mradi midomo itikisike."

Nikaomba. Siku ya tatu wakakuta mwamba unang'aa kama bati jipya. Jumapili iliyofuata nimefungua mlango nimekuta watu mia mbili. Wengine wamekaa juu ya karasha. Karasha zilikuwa zimezimwa, mama. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yangu mwenyewe nikaiogopa.

Tafadhali usimwambie mtu bado. Sijajua wamefuata nini.

Boaz


Nyasubi
22 Aprili 2024

Mtumishi wa Mungu, mwanangu, baba yangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Ritha amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo, hana mchwa. Tunakusubiri wewe kwa jina.

Barua yako ilifika Jumamosi jioni. Jumapili wakati wa matangazo nikanyoosha mkono. Niliisoma mbele ya kanisa zima, kuanzia kwa Makoye. Ule mstari wa mwisho sikuusoma, wino wake ulikuwa hafifu. Nilisema watu mia mbili na hamsini, kwa sababu wewe tangu zamani huwa huhesabu watoto. Akina mama walipiga vigelegele mpaka Mchungaji Masele akakaa chini. Mama Dorah akaniuliza nje, "Na spika ngapi?" Nikamwambia hana hata moja, mama, watu wanafuata Neno tupu. Akaangalia pembeni akasema mvua inakuja. Na haikuja.

Sasa nakuomba, watu hao uwashike. Usiwaambie mambo magumu mwanzoni. Mgeni huwezi kumpokea kwa mlenda, unaanza na kuku.

Mama yako mwenye furaha,
Apolonia


Mwakitolyo
19 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Jina naomba mumwite Neema, kama Ritha ataridhia.

Hilo lingine nimelichelewesha makusudi. Kaa kwanza.

Jumatatu ile baada ya kukuandikia, nimeamka nimekuta mfuko wa mawe mlangoni mwa kanisa, umefungwa kwa kamba nyekundu. Ni mfuko wa mganga. Makoye alikuwa amenitengea fungu langu. Nikauelewa mara moja: nikiupokea, mimi ndiye mganga wa duara lake, na wale mia mbili ni wateja. Nikaubeba begani nikamrudishia. Kumbe kuna jambo sikulijua. Huku mganga akikataa fungu lake, maana yake amelifunga duara. Kukataa ni kubaya kuliko kula.

Jumapili nilisimama nikawaambia wazi. Mimi si mganga. Dhahabu sikuiomba. Bwana hakodishwi kwa mfuko, na anayemfuata anaweza kumfuata miaka yote na akafa maskini hapa hapa Mwakitolyo, na bado atakuwa hajapoteza kitu. Walianza kutoka nilipofika kwenye "maskini." Walikuwa na adabu, mama, walikuwa wanainamisha kichwa wakipita, kama kwenye msiba.

Siku ya pili nimeitwa kwenye kikao cha duara. Makoye akasema, "Fungua ulichofunga." Nikasema sikufunga. "Basi fungua." Nikamwambia sifungui nisichofunga. "Kama hukufunga, kufungua kunakuuma nini?" Tukazunguka hapo mpaka adhuhuri, chai ikaletwa, tukanywa, tukaendelea. Mwishowe akasema niondoke au ninyamaze, na tangu siku hiyo salamu yangu haitikii. Sikuondoka.

Waliobaki ni Sesilia na yule mzee. Mbuzi ameuzwa.

Usidhani nimechanganyikiwa. Nimelala vizuri usiku ule kuliko miezi yote.

Boaz


Nyasubi
9 Juni 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Hapa wazima. Neema ameanza kucheka, jina limekubaliwa. Barua yako nimeisoma mara nne. Sina neno. Wewe ni mtu mzima na ni mtumishi. Sikulaumu kwa watu mia mbili, ingawa hapa kwetu bado ni mia mbili na hamsini, sijapata nafasi ya kurekebisha.

Nilikuwa nauliza tu, kifua chako kikoje? Vumbi la karasha si vumbi la barabarani. Nakumbuka ulipokuwa darasa la pili ulikohoa wiki nzima, kwa hiyo si jambo geni kwako. Wageni wakija, wageni wowote, usijitie uzima mwingi. Kaa umeegemea. Ndoo usibebe mbele yao. Na kikohozi kikikujia chenyewe usikizuie, kukizuia kunaumiza mbavu.

Ni hayo tu, hakuna kingine.

Mama


Mwakitolyo
21 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini Neema anaendelea kucheka, maana mimi nina habari ya kumchekesha na nyingine isiyochekesha.

Wageni walifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita. Mchungaji Masele, wazee wawili, na Mama Eufrasia katibu wa kanisa na daftari lake. Walikodi gari. Walileta godoro, asali, tangawizi, na ndimu nusu gunia. Walinikuta napandisha kilima na ndoo mbili za Sesilia, naimba. Mzee mmoja alilia hapo hapo. Wakaninyang'anya ndoo.

Nikawaambia, "Jamani, mimi sijambo." Mchungaji akawageukia wenzake, "Mnasikia? Anasema hajambo." Nikasema tena, kwa nguvu, sijambo kabisa. Wakatikisa vichwa wakasema hivi ndivyo mitume walivyokuwa. Kila nilivyozidi kukana ndivyo nilivyozidi kuwa mtakatifu. Mchungaji akaniwekea sikio kifuani mara tatu. Karasha zilikuwa zinasaga, akasema anasikia mngurumo. Nikacheka, vumbi likanipalia, nikakohoa. Mara moja tu, mama. Mama Eufrasia akaandika.

Kumbe wamefunga na kuomba wiki nzima kwa ajili yangu. Wameambiwa nakohoa damu. Wameniachia barua ya kunirudisha: niwe nyumbani ifikapo tarehe thelathini mwezi wa nane, nitibiwe, kisha nipewe lile darasa la ubatizo na ile nyumba ya tofali yenye umeme.

Mama, unajua habari hii imeanzia wapi?

Ile isiyochekesha ni fupi. Wiki iliyopita duara la Makoye lilititia. Watatu walitoka, mmoja hakutoka. Ndilo duara nililoliombea watu watoke salama. Nimekaa nalo hilo. Nilisafiri siku nne kwa ajili ya msiba, ndiyo maana barua imechelewa.

Boaz


Nyasubi
4 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana kwa msiba. Neema ameota jino, mapema sana, wanasema ni dalili ya akili. Kuku walionunuliwa mwezi wa tano wameanza kutaga. Mahindi tumevuna magunia manne. Chumba chako nimekipaka chokaa.

Kuhusu swali lako, mtandao wa barua hii unakatakata.

Mama


Mwakitolyo
18 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefungasha. Kanisa ndilo lililonituma na kanisa likiita narudi, sibishani na wazee wangu. Ijumaa tarehe thelathini nitapanda gari la asubuhi. Godoro nimemwachia yule mzee. Sesilia ananipikia bila kuniuliza maji, na hilo linanitia huzuni kuliko kama angelia.

Nakuuliza mara moja tu na sitauliza tena. Nani aliwaambia nakohoa damu? Ukisema si wewe, nitakuamini.

Boaz


Nyasubi
26 Agosti 2024

Mwanangu Boaz,

Marahaba. Leo sina habari za kuku. Zuhura anaondoka kesho alfajiri na nimemwambia asipeleke dagaa kwanza, afike kwako kwanza, akasema dagaa watasubiri, wameshakufa.

Ni mimi.

Ilikuwa siku ile niliposoma kwamba umewafukuza watu mia mbili kwa mdomo wako na umerudisha mfuko. Nikaona mtoto ameharibikiwa, na kumwambia arudi hataki. Nikaenda kwa Mchungaji nikasema unakohoa. Akasema kukohoa wanakohoa wengi. Nikasema unakohoa damu. Nilipoona uso wake umebadilika nilitaka kulirudisha lile neno, lakini ameshashika mikono yangu anaomba. Ningemkata vipi katikati ya maombi. Halafu wakatangaza kufunga. Na mimi nilifunga, Boaz, wiki nzima, kuombea kikohozi nilichokitunga mwenyewe, na njaa iliniuma kama ya wengine. Ritha aliniambia, "Mama, ukiendelea hivi mtamponya, halafu mtasema ni muujiza." Nilimfukuza jikoni.

Barua yako ya tarehe kumi na nane ilikuja Alhamisi. Ile ya "nitakuamini." Niliiweka chini ya mto. Nikajisemea, anarudi Ijumaa, akishafika nitamwambia, akiwa ameshakula. Kitanda nimetandika. Hata pazia nimenunua. Ningeweza kunyamaza siku nne tu na ungekuwa humu ndani, mwanangu, mzima, siku zote mbele ya macho yangu.

Juzi Jumamosi Zuhura akarudi kutoka Nkome. Aliingia bila hodi, hakuvua hata ndala, akasema, "Mama Boaz, nina ujumbe wako." Nikasema wa Boaz? "Hapana. Wako. Umetoka kwa muuza dagaa wangu, Kijakazi."

Mimi Kijakazi simjui. Akaniambia nikae. Kwanza akanieleza kazi uliyokuwa unaifanya, ambayo wewe hujawahi kuniandikia hata mstari mmoja, unaniandikia habari za mbuzi. Akasema huko machimboni mtu hana jina, ana la utani tu, na akifa anazikwa na la utani. Na wewe una daftari. Unazunguka duara hadi duara, mtu akipumzika unamuuliza jina la nyumbani ni nani, mama yako ni nani, yuko wapi. Mwanzoni walikucheka. Sasa wanakufuata wenyewe, wameshafika mia tatu na zaidi, wanasimama mstari wakitoka shimoni na matope yao, na kanisani hawaingii. Hata Makoye amejiandikisha, na salamu bado haitikii. Nikamuuliza Zuhura, na mahubiri anawahubiria? Akasema, "Anawauliza habari za mama zao, shoga. Wengine wanalia. Sijui kwenu mnaita nini."

Halafu akanieleza huyo kijana aliyebaki chini. Wote wanamwita Kobra. Mwili ulipotolewa walikuwa wameshachonga ubao, wameandika Kobra, wanataka kumzika hapo hapo. Wewe ukafungua daftari ukasoma: Akida, mama yake Kijakazi, anaanika dagaa Nkome. Makoye akatoa gari bila kusema neno. Ukaenda na maiti njia nzima umekaa nyuma umelishika jeneza lisigonge. Nkome ukasimama pembeni na Waislamu wakimswalia, viatu mkononi, mpaka mwisho. Zuhura alipokwenda safari hii kuchukua mzigo, Kijakazi akamuuliza kama anamjua yule kijana wa kanisa. Akasema namjua, mama yake ni jirani yangu. Kijakazi akaacha dagaa juani, akamshika mkono. Akasema, "Mwambie mama yake niliuona uso wa mwanangu kabla hajafukiwa. Mwambie asante ni yake, yeye ndiye aliyemzaa."

Boaz, ningepigwa kofi ningesikia nafuu.

Nililala sikulala. Jana Jumapili baada ya ibada nikaomba kikao na wazee. Nilikwenda na sare yangu ya kwaya, ile ya zambarau, nikijua itavuliwa. Walikuwa wote, Mchungaji Masele, wazee, Mama Eufrasia na daftari. Nikasema kikohozi nilikitunga mimi. Nikasema na wale hamsini niliwaongeza mimi, na waliobaki ni wawili. Mzee mmoja akauliza, "Na mngurumo aliousikia Mchungaji?" Mchungaji akasema hilo tutaliangalia siku nyingine.

Wamenitenga miezi mitatu. Sare nimerudisha, meza ya Bwana sigusi, na nakaa benchi la nyuma kule wanakokaa waliofumaniwa na waliokunywa. Mgongoni kwangu ni ukuta. Mama Dorah alinipita mlangoni, nikangoja aseme, akanishika bega tu akaenda. Ningependa zaidi angesema.

Nikadhani yameisha, nikainuka. Mchungaji akasema, "Kaa, Mama Boaz. Kikohozi hakipo, basi barua ya kumrudisha haina mguu. Lakini nafasi ya darasa la ubatizo ipo kweli, na kijana amefungasha. Wewe umemzaa, na ujane wako tunaujua. Ukisema arudi, hatutakuuliza sababu. Unasemaje?"

Mwanangu, nilidhani wataniadhibu tu. Sikujua wataniuliza. Nikaangalia chini. Niliona lile pazia. Nikaona na ule mwamba ulioanguka, na wewe huwa unainama kuwasalimu. Nikawaza, kwenye daftari hilo kuna mama mia tatu ambao hawajui kama kuna mtu anajua majina yao.

Nikasema, "Abaki."

Mama Eufrasia anaandika polepole unamjua, herufi moja moja. Akasema hajapata, nirudie. Nikarudia, abaki. Akaandika. Akainua kalamu akauliza, "Abaki mpaka lini? Hapa pana nafasi ya tarehe."

Nikamwambia tarehe aiache wazi.

Basi fungua mizigo. Zuhura amebeba barua ya wazee yenye muhuri, isome na hiyo, yangu haina muhuri. Sesilia mchotee maji yake kama kawaida. Kijakazi nitamwandikia mwenyewe, Zuhura atamsomea. Sijui nianze vipi, mpaka sasa nimeandika jina lake tu.

Mimi mama yako wa benchi la nyuma,
Apolonia